Ramani Irudi Mtaani: Wanafunzi, Simu na Maandalizi ya Mafuriko

Kila masika yanapokaribia tunasikia maneno yaleyale. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inatoa angalizo, viongozi wanawataka wakazi wa mabondeni wahame, na siku chache baadaye Jangwani hapapitiki. Sisi wa vyuoni huwa tunaijadili habari hiyo kantini, tunatumiana video, kisha tunarudi kwenye desa zetu. Anayesoma jiografia anaona ni kazi ya serikali, anayesoma kompyuta anaona ni kazi ya mhandisi, naye mhandisi anasema watu wamejenga bondeni wenyewe.

Makala haya yana hoja moja. Vifaa vya kuuandaa mtaa dhidi ya mafuriko tunavyo tayari mifukoni, na muda wa kuvitumia upo ndani ya kalenda yetu ya masomo. Mara nyingi kinachokosekana ni safari ya kurudi: taarifa inatoka mtaani, inaingia kwenye kompyuta, inapendeza kwenye slaidi, halafu hairudi kwa yule mama aliyetuonyesha alama ya maji ukutani kwake. Taarifa isiyorudi haijamwandaa mtu yeyote.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

Mvua kubwa peke yake siyo maafa. Mvua ni tishio. Inageuka maafa inapokutana na vitu viwili: watu na mali vilivyoko njiani mwake, na udhaifu, yaani kukosa namna ya kukwepa au kuhimili. Mvua ileile inayomlowesha mtu wa Masaki inaweza kumzamisha mtu wa Kigogo. Tofauti yao haiko mawinguni, iko kwenye mfereji, kwenye kiwanja, kwenye kipato na kwenye taarifa.

Mvua hatuwezi kuizuia. Lakini tunaweza kujua nani yuko njiani mwake, na tunaweza kupunguza udhaifu. Hapo ndipo teknolojia ya jamii inapoingia. Kwa maana ninayoitumia hapa, teknolojia ya jamii ni chombo chochote ambacho watu wa kawaida wanaweza kukitumia, kukielewa na kukirekebisha wenyewe. Simu janja imo. Kipaza sauti cha msikiti kimo. Filimbi imo, na hata nguzo iliyopakwa rangi kando ya mto imo.

Ilikotoka: Nairobi, Port-au-Prince, Tandale

Mapema mwaka 2008, Kenya ikiwa katikati ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya wachache wenye ujuzi wa mtandao walitengeneza jukwaa la kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Waliliita Ushahidi. Mwaka uliofuata, vijana wa Kibera walipewa vifaa vya GPS wakaanza kuchora mtaa wao wenyewe, kwa sababu kwenye ramani zilizokuwepo vichochoro, visima, zahanati na shule zao havikuonekana.

Kazi hiyo ya Kibera iliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuichora na kuitumia bila malipo. Uwezo wake ulionekana wazi tarehe 12 Januari 2010, tetemeko la ardhi lilipoibomoa Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti. Kabla ya siku hiyo, ramani huria ya mji huo ilikuwa na barabara chache tu. Ndani ya wiki chache, mamia ya watu wa kujitolea katika nchi mbalimbali, wengi wakiwa hawajawahi kukanyaga Haiti, walichora barabara, majengo na kambi kwa kutazama picha za setilaiti. Waokoaji wakazipakia ramani hizo kwenye vifaa vyao.

Lakini tujiulize: kwa nini ramani isubiri watu wafe? Swali hilo ndilo lililozaa mpango wa Missing Maps mwaka 2014, wa kuchora maeneo yenye hatari kabla maafa hayajatokea.

Dar es Salaam ilikuwa imeshaonja kazi hii. Agosti 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale pamoja na wakazi, wakapita mtaa kwa mtaa kuchora njia, vyoo, maji na huduma nyingine. Miezi minne baadaye, Desemba 2011, mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 jijini, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Mwaka 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria. Uliwakutanisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Ardhi, wakazi wa kata zinazofurika, Tume ya Sayansi na Teknolojia, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na Humanitarian OpenStreetMap Team. Baadaye kazi ikarithiwa na taasisi ya Kitanzania, OpenMap Development Tanzania. Kwa wanafunzi wengi, hiyo ndiyo iliyokuwa fildi yao.

Ramani ya mafuriko inatengenezwaje?

Kazi yenyewe si ya kutisha. Ina hatua nne, na kila hatua ina watu wake.

Hatua ya kwanza ni picha. Droni inaruka juu ya kata na kupiga picha nyingi zinazounganishwa kuwa moja, au zinatumika picha za setilaiti. Kazi ya droni inataka kibali na rubani aliyefunzwa, kwa hiyo usiende kununua ya dukani ukaanza kurusha.

Hatua ya pili ni kuchora. Hapa mtu anakaa kwenye kompyuta, anaitazama picha na kuzungushia mistari kila paa, kila barabara na kila mfereji unaoonekana. Hii anaweza kuifanya hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiwa maktaba, alimradi ana bando na uvumilivu.

Hatua ya tatu ni kutembea, na hii ndiyo roho ya kazi. Paa linaonekana kutoka angani, lakini angani huwezi kujua kama chini yake kuna duka, madrasa au zahanati. Huwezi kujua kama mfereji una kina cha nusu mita au mita mbili, kama umejengwa kwa zege au ni udongo mtupu, kama unapitisha maji au umejaa chupa za plastiki na magodoro. Kwa hiyo kikundi kinaingia mtaani na simu zenye fomu ya maswali, futi ya kupimia, na mwenyeji anayeongoza. Fomu hizo hutengenezwa kwa programu za bure kama Open Data Kit, na hujazwa hata pasipo na intaneti. Mkipata mtandao jioni ndipo mnazituma.

Swali muhimu kuliko yote halihitaji kifaa chochote: maji yalifika wapi? Mkazi atakuonyesha kwa mwili wake. Kifundo cha mguu, goti, kiuno, kifua. Ukikusanya majibu ya nyumba hamsini za mtaa mmoja, unapata kumbukumbu ya mafuriko ambayo haimo kwenye kitabu chochote. Na ukiuliza vizuri, utaambiwa pia maji yalitokea upande gani, yalichukua muda gani kupanda, na watu walikimbilia wapi.

Hatua ya nne ni kuhakiki na wenyeji. Mnaweka rasimu mezani kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mnamwita mwenyekiti, wajumbe wa mashina, mama lishe, dereva wa bodaboda na fundi wa mabomba. Hapo ndipo mtakapoambiwa kwamba daraja mlilochora lilishakwenda na maji, au kwamba jina mliloandika hakuna anayelijua. Mpaka wa Kwa Tumbo na Pakacha unajulikana na watu wa Tandale, siyo na setilaiti.

Kutoka mchoro hadi uamuzi

Ramani ikikamilika mnakuwa na tabaka mbili: mahali maji yanapofika, na watu na vitu vilivyopo hapo. Ukizilaza moja juu ya nyingine, unaanza kuhesabu. Nyumba ngapi zitaguswa maji yakifika kiuno? Shule ipi itabaki kavu ili itumike kama kimbilio? Barabara ipi itakatika, gari la wagonjwa lipite wapi? Programu ya InaSAFE, inayofanya kazi ndani ya QGIS, ilitengenezwa kwa ajili ya maswali kama hayo, na zote mbili ni za bure.

Majibu hayo yana thamani pale yanapogeuka kuwa kazi ya mtu fulani. Chukua mfano wa Mto Msimbazi, unaoanzia kwenye vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Mvua inaweza kupiga sana Pugu huku wa Kigogo wakiwa wameanika nguo juani. Mtaa uliojiandaa una mnyororo wa simu: aliyeko juu ya mto anaona maji yamefika kwenye alama nyekundu ya nguzo, anampigia aliyeko Vingunguti, wa Vingunguti anampigia wa Kigogo, wa Kigogo anapuliza filimbi. Ramani imesaidia kujua nguzo isimikwe wapi na filimbi isikike hadi nyumba ipi. Anayeokoa ni yule mwenye simu yenye chaji.

Tusisahau kwamba taarifa ya awali ipo. TMA hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ugumu ni kwamba tangazo linasema "mkoa wa Dar es Salaam", na mkazi anataka kujua "hapa kwangu". Kazi ya kikundi cha kujitolea ni kulitafsiri tangazo la mkoa liwe la kichochoro: likitoka neno tahadhari, mashina mawili ya karibu na mto yapandishe vitu juu, likitoka tahadhari kubwa, wazee na watoto walale shuleni usiku huo.

Bendera za Bangladesh

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa kwa miongo mingi, tazama Bangladesh. Novemba 1970 kimbunga kilichopewa jina la Bhola kiliua watu wasiopungua 300,000 katika nchi ile, ambayo wakati huo ilikuwa Pakistan ya Mashariki. Mwaka 1972 Msalaba Mwekundu na serikali mpya wakaanzisha mpango wa kujiandaa na vimbunga unaotegemea watu wa kujitolea vijijini. Leo ni zaidi ya 70,000, wanawake kwa wanaume.

Vifaa vyao vingemshangaza anayedhani teknolojia lazima iwe na skrini: redio za mawasiliano, vipaza sauti vya mkononi, baiskeli na bendera. Hatari ikiwa ndogo inapandishwa bendera moja, ikiongezeka mbili, ikiwa kubwa kabisa tatu. Hata asiyejua kusoma anahesabu.

Safari yao haikunyooka. Kimbunga cha mwaka 1991 bado kiliua zaidi ya watu 130,000, kwa sababu waliosikia onyo wengi hawakuwa na pa kukimbilia. Nchi ikaongeza kujenga majengo ya kujihifadhi. Kimbunga Sidr cha 2007 kiliua zaidi ya 3,000. Kimbunga Amphan cha 2020 kilipokuja, zaidi ya watu milioni mbili walihamishwa kabla, na waliokufa nchini humo hawakufika 100. Onyo, mjumbe anayeaminika na mahali pa kwenda: kikikosekana kimoja, viwili vilivyobaki havitoshi.

Mambo manne yanayoharibu kazi

La kwanza ni data kuzeeka. Mfereji uliopimwa Agosti unaweza kuwa umeziba Novemba, na ukuta mpya unaweza kuyageuzia maji nyumba ya jirani. Wanafunzi tunakuja wiki nane, tunapata alama zetu, tunaondoka. Kama hakuna kijana wa mtaani aliyefundishwa kusahihisha ramani, baada ya miaka miwili ile picha ukutani ni historia.

La pili ni kudhani kujitolea ni bure. Anayejitolea anatumia nauli, bando, chaji na siku ambayo angeuza maandazi. Vikundi vingi havifi kwa kukosa moyo. Vinakufa kwa kukosa nauli ya elfu mbili. Mpango wowote uonyeshe mapema nani analipa gharama hizo ndogo, na kujitolea kutambuliwe, angalau kwa barua na cheti.

La tatu ni siri za watu. Ramani huria inaonekana na dunia nzima. Mfereji, daraja, shule na bomba vikae humo. Lakini nyumba anapolala mzee asiyeweza kutembea, mjamzito anayekaribia, au mtoto anayebaki peke yake usiku, hizo ni habari za daftari la mjumbe. Azijue mjumbe na jirani wawili, zisipandishwe mtandaoni hata kama fomu ina nafasi.

La nne ni zito kuliko yote. Mkazi wa bondeni anapomwona kijana mwenye kishikwambi akihesabu nyumba, kitu cha kwanza kinachomjia ni bomoabomoa. Ana sababu. Desemba 2015 nyumba kadhaa za Bonde la Msimbazi ziliwekwa alama ya X nyekundu na tingatinga likaingia. Operesheni ile haikusubiri ramani ya mwanafunzi, lakini orodha ya nyumba zilizo hatarini, iwe imetengenezwa kwa nia njema kiasi gani, inaweza kusomwa kwa namna mbili. Mmoja ataisoma kama orodha ya watu wa kuokolewa, mwingine kama orodha ya nyumba za kubomolewa.

Dawa yake siyo kuficha kazi. Waelezeni watu tangu siku ya kwanza mnakusanya nini, kitakaa wapi na nani atakiona. Msiahidi kwamba haitatumika kamwe na mamlaka, kwa sababu hamna uwezo wa kuahidi hilo. Na hakikisheni nakala ya kwanza kabisa inabaki mtaani, ili siku mtu wa ofisini akija na takwimu, mkazi naye awe nazo, aseme: tatizo la mtaa wetu ni kalavati hili lililoziba, siyo nyumba zote mia mbili. Ramani iliyorudi mtaani humpa mwenye nyumba hoja ya kusimama nayo.

Kalenda yetu inasemaje?

Tazama mpangilio wa mwaka. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Katikati kuna kiangazi, na humo ndimo fildi inamoangukia, Julai hadi Septemba. Ndicho kipindi ambacho mfereji unaweza kupimwa na kusafishwa bila mtu kusombwa. Bahati hiyo tunaipoteza kila mwaka kwa kwenda kukaa ofisini kupiga fotokopi.

Kikundi cha watu sita hadi kumi wa kozi tofauti kinaweza kujipanga hivi. Mei na Juni, chagueni mtaa mmoja tu, mwende kwa mtendaji na mwenyekiti na barua ya chuo, muulize wenyewe wanahitaji kujua nini. Wenye kompyuta waanze kuchora majengo. Julai na Agosti, tembeeni na vijana wa hapo mkipima mifereji na alama za maji, wao wakishika simu na ninyi mkishika futi, maana wao ndio watakaobaki. Septemba, hakikini, chapisheni ramani kubwa kwa Kiswahili, bandikeni ofisini, sokoni na kwenye nyumba ya ibada. Kabla vuli haijaanza, fanyeni zoezi moja: filimbi ipulizwe, watu watembee hadi shuleni, mhesabu dakika. Oktoba mkirudi chuoni, mnyororo wa simu uwe na namba za watu wanaoishi pale. Namba ya Zimamoto, 114, iandikwe kwa herufi kubwa.

Na pelekeni nakala kwenye kata. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kuwepo kwa kamati za maafa hadi ngazi za chini. Kamati ya aina hiyo ikiwa na ramani na orodha ya watu wa kujitolea, ina kitu cha kufanyia kikao.

Wa vyuo vya mikoani msione hili ni la Dar peke yake. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lililotoka Mlima Hanang lilifukia sehemu za mji wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Huko maswali ya kuuliza yatabadilika, yatahusu korongo, mawe na udongo, lakini hatua zile nne ni zilezile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mabondeni, ufa wenyewe tunaujua, una jina, na mara nyingi una kalavati.

Maswali ya diskasheni

1. Chagua mtaa mmoja ulio karibu na chuo chako. Tishio lake kubwa ni lipi, nani yuko njiani mwake, na udhaifu wake unatokana na nini?

2. Katika taarifa ambazo kikundi chenu kingekusanya, zipi ziwekwe kwenye ramani ya wazi na zipi zibaki kwenye daftari la mjumbe? Toa sababu.

3. Mwenyekiti wa mtaa anakuuliza: "Mkishachora, watatubomolea?" Utamjibu nini bila kumdanganya?

4. Anza na hosteli yako. Chora ghorofa unayolala: ngazi, mitungi ya kuzimia moto, milango ya dharura. Kisha saa nne usiku kaangalie milango hiyo kama inafunguka. Ukikuta kufuli, mwenye ufunguo ni nani, na analala wapi?